Boti mbili za vita zilizopita Fungurume: mbio ya meli inalipwa na nini?

Fungurume, kati ya Likasi na Kolwezi, inajulikana leo kwa shaba na kobalti. Makamyo yenye mizigo yanapita barabarani usiku na mchana, na wakaaji wamezoea vumbi lake. Lakini mwezi wa nane mwaka 1915, treni ilishusha pale mzigo ambao hakuna mtu aliyetazamia kuuona mbali hivyo na maji: boti mbili za vita za Waingereza, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Moja iliitwa Mimi, ingine Toutou. Hiyo Mimi si ya Kiswahili. Kwa Kifaransa cha mitaani ni jina la paka, na Toutou ni la mbwa.

Boti hizo zilikuwa njiani kuelekea Ziwa Tanganyika kupigana na meli za Wajerumani. Kwa nini jeshi kubwa la majini la Uingereza lilituma viboti vya mbao, si meli ya chuma yenye mizinga mikubwa? Jibu lake linaanzia kwenye hesabu ya uzito. Ni hesabu ileile ambayo leo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuifanya nyumbani kwa kuchora meli yake mwenyewe.

Programu ya kuchora meli

Kuna programu ya bure inayoitwa SpringSharp. Wapenzi wa historia ya meli, katika inchi nyingi, wanaitumia kuchora meli za vita ambazo hazikujengwa hata siku moja. Haina picha nzuri kama michezo ya video. Inafanana zaidi na fomu ya ofisi: unajaza visanduku, programu inapiga hesabu.

Unaandika urefu wa meli, upana wake, na kina chake ndani ya maji. Unaandika mizinga mingapi na ya ukubwa gani, chuma cha kinga unene wa milimita ngapi na kiko wapi, mashini za aina gani, na mbio unayotaka. Kisha programu inatoa ripoti: uzito umegawanyika namna gani, mwili wa meli una nguvu ya kutosha ao utavunjika, meli itasimama imara ao itapinduka, na itaendaje kwenye mawimbi.

Wengi wanaojaribu mara ya kwanza wanaomba vyote: mizinga mikubwa, chuma kinene, mbio kali. Ripoti inarudi na jibu baya: hiyo meli haiwezekani. Meli inaelea kwa sababu inasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Ukichagua ukubwa wa mwili, umechagua pia jumla ya uzito unaoweza kubeba. Kinachobaki ni kugawanya, kama mshahara wa mwezi: ukiongeza pesa ya nyumba, chakula kinapungua.

Mbio inakula nini?

Katika mgawanyo huo, mbio ndiyo inayokula zaidi. Dereva wa kamyo anajua kwamba kukimbia kunamaliza mazuti. Kwenye maji ni mbaya zaidi, kwa sababu meli inasukuma mawimbi mbele yake. Kwa kipimo cha haraka, ukitaka kuzidisha mbio mara mbili, nguvu ya mashini lazima izidishwe karibu mara nane.

Tuchukue meli ya kweli. Kabla ya vita Uingereza ilijenga meli iliyoitwa Invincible, ya kwanza ya aina inayoitwa kruza ya vita. Ilikuwa na uzito wa tani 17,000 hivi, urefu wa mita 173, mizinga minane ya milimita 305, na mashini zenye nguvu ya farasi 41,000. Ilikimbia karibu kilomita 46 kwa saa.

Sasa mtu anakaa mbele ya kompyuta na kusema: nataka ileile, lakini iende kilomita 56 kwa saa. Mbio imeongezeka kidogo tu, kilomita kumi. Lakini kwa kipimo cha haraka, nguvu inapanda kutoka farasi 41,000 hadi karibu 74,000. Mashini zinaongezeka, mafuta yanaongezeka, nafasi ndani ya meli inapungua. Uzito huo utatoka wapi?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kupunguza mizinga. Ya pili ni kupunguza chuma cha kinga. Ya tatu ni kurefusha meli, sababu meli ndefu na nyembamba inapasua maji kwa urahisi. Lakini mwili mrefu unahitaji chuma kingi ili usikatike katikati mawimbi yanapouinua, kwa hiyo uzito unapanda tena, na mashini zinahitaji nguvu zaidi tena. Mwenye kuchora anazunguka hivyo saa nzima, akitoa milimita kumi hapa na kuongeza mita tano pale.

Waingereza wenyewe walizunguka hivyo miaka kumi na zaidi. Meli yao Hood, iliyomalizika mwaka 1920, ilikimbia kilomita 57 hivi kwa saa. Ili kufika pale, urefu ulipanda hadi mita 262, uzito ukapita tani 40,000, na nguvu ya mashini ikafika farasi 144,000. Kwa kuongeza kilomita kumi na moja tu, mashini zilihitaji nguvu zaidi ya mara tatu.

Deni lililolipwa baharini

Aliyesukuma wazo la kruza ya vita alikuwa admirali John Fisher. Kwa mawazo yake, meli yenye mbio na mizinga mikubwa haihitaji chuma kinene: itamkamata mdogo wake na kumpiga, na itamkimbia mkubwa wake. Invincible ilipewa ubavuni chuma cha milimita 152 tu.

Mwanzoni wazo lilifanya kazi. Tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 1914, karibu na visiwa vya Falkland, Invincible na mwenzake Inflexible zilizifukuza meli za Wajerumani Scharnhorst na Gneisenau na kuzizamisha. Meli za Wajerumani hazikuweza kukimbia, na mizinga yao ilikuwa midogo.

Lakini tarehe 31 mwezi wa 5 mwaka 1916, katika vita vya Jutland kwenye Bahari ya Kaskazini, kruza za vita za Uingereza zilikutana na meli zenye mizinga mikubwa kama yao. Siku moja tatu zililipuka: Indefatigable, Queen Mary, na Invincible yenyewe. Watu zaidi ya 3,000 walikufa ndani ya hizo meli tatu. Si wembamba wa chuma peke yake ulioua. Wanahistoria wengi wanaeleza kwamba baruti ilikuwa inawekwa karibu na mizinga bila kufunga milango, ili kupiga haraka, na moto ulipoingia ukashuka hadi ghala.

Hood nayo ililipuka tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka 1941. Watu 1,415 walikufa. Watatu tu waliokolewa.

Kutoka Cape hadi Tanganyika: njia ndiyo iliyochora boti

Turudi Katanga. Vita ilipoanza mwezi wa nane 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann iliipiga meli ya Wabeleji Alexandre Delcommune na kuiharibu. Tangu siku ile Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika. Waliweza kuvusha askari na chakula wanavyotaka, na wakaaji wa upande wa Kongo waliishi chini ya tishio la mizinga yao. Tena, Kigoma walikuwa wanaunganisha meli kubwa zaidi, Goetzen, yenye urefu wa mita zaidi ya 70. Ilikuwa imejengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya maelfu ya masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa treni.

Mwezi wa nne 1915, mwindaji wa tembo aliyeitwa John Lee alipeleka habari hiyo London. Wazo lake: kupeleka boti za mbio kwa kupitia Afrika Kusini na Katanga. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson alipewa kazi.

Hapa sheria ya uzito ilibadilika. Kwenye bahari, maji ndiyo yanayobeba meli. Kwa safari hii, kwanza treni, kisha trekta za mvuke na ng'ombe wa kukokota, ndio wangeibeba. Kila kilo iliyoongezwa London ingepandishwa milima ya Mitumba. Kwa hiyo boti zilichaguliwa nyepesi: mwili wa mbao, mashini mbili za esansi zenye nguvu ya farasi 100 kila moja, mzinga mdogo mmoja mbele, na bunduki ya Maxim nyuma. Zilikimbia karibu kilomita 35 kwa saa.

Chuma cha kinga kilikuwa karibu hakuna. Risasi moja ya mzinga ingepita upande mmoja na kutokea upande wa pili. Hata mzinga wao wenyewe ulikuwa mzito kwa mwili huo: ulipaswa kupigwa kuelekea mbele moja kwa moja, kwani kishindo chake upande kingevunja mbao. Walipojaribu kwenye mto Thames, mzinga wa Mimi ambao haukufungwa vizuri uliruka majini pamoja na mpigaji wake.

Boti ziliondoka Uingereza mwezi wa sita 1915, zikafika Cape Town mwanzoni mwa mwezi wa saba, zikapanda treni hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Reli hiyo ilikuwa imefika mjini mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Bila shaba kusingekuwa na reli, na bila reli boti zisingefika. Mwezi wa nane reli iliishia Fungurume.

Kutoka hapo hadi Sankisia ni kilomita 235 hivi za pori na milima. Barabara haikuwako. Ilikatwa, na madaraja zaidi ya 150 yakajengwa kwa miti na majani. Njia ilipanda zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Pale trekta ziliposhindwa, ng'ombe walivuta. Ng'ombe waliposhindwa, watu walivuta kwa kamba. Boti zilifika Sankisia tarehe 28 mwezi wa tisa. Kutoka hapo ni treni fupi hadi Bukama, halafu Lualaba hadi Kabalo, halafu treni ingine hadi karibu na ziwa, upande wa Kalemie ya leo. Mwezi wa kumi ulikuwa unaisha.

Mbio ilifanya nini ziwani?

Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1915, meli ndogo ya Wajerumani Kingani ilikuja kuchunguza. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu. Waingereza waliiacha ipite, kisha wakatoka na kuifukuza kwa nyuma. Kingani haikuweza kukimbia wala kugeuka kwa haraka. Ndani ya dakika chache ilikamatwa. Waingereza waliitengeneza, wakaipa mzinga mkubwa zaidi, wakaiita Fifi.

Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 1916 ilikuja Hedwig von Wissmann. Ilipoona hatari ilikimbia. Fifi ilikuwa na mzinga wa kuua, lakini haikuwa na mbio ya kufikia. Mimi ilikuwa na mbio, lakini mzinga wake ulikuwa mdogo. Mimi ikapita mbele, ikaanza kupiga. Haikuilenga vizuri, lakini Hedwig ililazimika kugeuka kujibu, na kila mzunguko uliipunguzia mbali. Fifi ikafika na risasi zake za mwisho, na Hedwig ikazama.

Hapo wazo la Fisher linaonekana wazi kuliko kwenye kitabu: mbio inamsimamisha adui, mzinga mkubwa unammaliza. Tofauti ni kwamba ziwani hakuna boti moja iliyokuwa na vyote viwili. Ziligawana kazi.

Kesho yake Goetzen ilionekana. Ilikuwa imewekwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye meli Königsberg, iliyozamishwa kwenye mto Rufiji mwezi wa saba 1915. Watu wa Spicer-Simson walitaka kwenda kupigana. Alikataa. Wengine walimsema, lakini kwa hesabu ya uzito alikuwa na sababu: risasi moja ya mzinga ule kwenye boti ya mbao iliyojaa esansi ingetosha. Mbio haina faida ukimfuata mtu ambaye hupaswi kumkaribia.

Goetzen haikuzamishwa na boti. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 1916, walipokuwa wanaondoka Kigoma, baada ya kupaka mashini zake mafuta mazito ili zisioze. Iliinuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Wakaaji wengi wa Kalemie, Moba na Uvira wanalijua jina hilo bila kujua mwanzo wake.

Sanduku ambalo halimo ndani ya programu

Mtu anaweza kuingiza vipimo vya Mimi katika programu, akapata jibu kwamba boti ni nyepesi, ina mbio, haina kinga. Lakini hakuna kisanduku cha kuandika nani aliibeba.

Majina ya maofisa Waingereza yameandikwa. Ya wanaume wa Katanga waliokata miti, wakajenga madaraja na kuvuta kamba hayakuandikwa. Trekta za mvuke zilikunywa maji mengi, na ilikuwa kiangazi, mito imekauka. Wanawake wa vijijini walibeba maji vichwani kwa umbali mrefu kulisha mashini hizo. Uzito ambao London iliupunguza kwenye karatasi ulikuwa bado mzito, ila ulikuwa juu ya vichwa na mabega ya watu wengine. Na vita yenyewe, kwa wenye inchi, haikuwa yao.

Mwenye kuchora meli leo, ao kupanga mgodi, ao barabara, angeweza kujiuliza swali hilohilo: kitu kikionekana chepesi katika ripoti, uzito umehamia kwa nani?

Hesabu hiyo inahusu nani leo?

Vita vya meli kwenye Tanganyika vimepita zaidi ya miaka mia moja. Lakini sehemu moja ya ripoti ya programu inagusa maisha ya watu wa mashariki kila wiki: ile ya kusimama imara.

Programu inaangalia uzito wote uko juu kiasi gani. Mizinga ikipandishwa juu sana, inaonya kwamba meli itapinduka, hata kama jumla ya uzito haijapita kipimo. Kila mtu aliyesukuma kinga yenye mifuko ya makala kutoka porini hadi Kolwezi anaelewa: mifuko mitatu chini inasukumika, ukiweka wa nne juu kabisa, kinga inataka kulala kwenye kila kona.

Boti za abiria ziwani ni hivyo hivyo. Magunia yakiwa chini na abiria wamekaa, boti inainama kidogo na kurudi. Mizigo ikipangwa juu ya sitaha, na abiria wakisimama upande mmoja kutazama bandari, hairudi. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, meli iliyotoka Minova ilipinduka Ziwa Kivu ikiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Familia nyingi zilipoteza ndugu siku hiyo.

Hapakuwa na mzinga wala adui. Mwenye boti anayeongeza magunia kumi anapata pesa ya magunia kumi. Uzito wake unalipwa na yule aliyekaa nyuma bila jaketi ya kuokolea.

Abiria hahitaji kompyuta ili kuliona hilo. Kuna mambo matatu ya kuangalia kabla ya kupanda. Je, ukingo wa boti uko juu ya maji kiasi gani? Ukiwa karibu kugusa maji boti ikiwa bado bandarini, mawimbi ya katikati yataingia. Je, mizigo mizito iko chini ao juu? Na je, boti inapotikiswa, inarudi haraka ao inachelewa ikiwa imeinama? Ile inayochelewa kurudi ndiyo ya kuogopa, hata kama watu ndani yake wanasema inatikisika polepole na vizuri.

Kwa wanafunzi wa ufundi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, programu kama SpringSharp ni zoezi la bure la kujifunza hesabu hizo kwa kucheza. Wanaweza kuanza na vipimo vya Invincible vilivyoandikwa hapa, waongeze kilomita kumi za mbio, na kutazama ripoti inasema nini. Kisha wajaribu na boti ya abiria, waone mzigo ukipandishwa juu kwa mita moja unabadilisha nini.